Mbuzi Aliyebeba Maneno ya Wakwe

Sogeeni, sogeeni, lakini msinibane, joto la leo peke yake linanitosha. Kila mmoja achukue kunde zake amenye. Vidole vifanye kazi, masikio yasikilize. Nikisema "Kale ya kale," ninyi mnaitika "Ilete tuione." Haya.

Kale ya kale!

Hapana, Mbonea, wewe umeitika kama mtu mwenye hindi la kuchoma mdomoni. Tena. Kale ya kale! Naam, hivyo.

Zamani, zamani ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu, naye siku hiyo akiwa anamenya kunde, huku kwetu Upare milima ilikuwa mirefu kuliko sasa, maana ilikuwa bado haijachoka. Msiniulize mwaka. Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilikuwa nalala. Mwaka anaujua Mungu.

Basi ulikuja msimu wa joto, hili hili linalotangulia masika. Siku ya kwanza jua likawaka bondeni mpaka mawe yakawa hayakanyagiki. Joto likapanda, likapanda, likatufuata huku juu milimani. Adhuhuri mawingu meupe yakaanza kuumuka juu ya kilele, yakaumuka, yakaumuka, kama pombe ya miwa mtungini. Pombe yenyewe naijua kwa kuiona tu, sijaionja tangu nibatizwe. Haya, niliionja mara moja. Mara mbili, Mungu anisamehe. Alasiri mawingu yakawa meusi. Mlima ukanguruma, bonde likangoja, mvua haikuja.

Siku ya pili joto likaongeza kuni. Kuku walitembea wamepanua mabawa kama waliobeba vikapu. Mlima ukanguruma, bonde likangoja... malizieni wenyewe. Mvua haikuja! Siku ya tatu hivyo hivyo. Ya nne hivyo hivyo. Mpaka ya tisa. Watu wakawa wakali. Mtu akimwamkia mwenzake, "Umeamkaje?" anajibiwa, "Unaniuliza mimi, au unaliuliza jua?"

Nakijwa, hebu simama kidogo. Kimbia kamwambie mama yenu aanue mahindi, kule mlimani naona kumeanza kuwa kweusi. Mwambie Bibi amesema. Sisi tutakungoja.

Umerudi? Anasemaje? "Mwambie Bibi nimeshaanua tangu saa sita." Haya. Kamwambie... hapana, kaa. Tuendelee.

Ndiva mnaijua. Mnaogelea humo nikilala mchana, mnadhani sijui. Ile ndiva ni kazi ya wazee wa kale, walilichimba bwawa kwa mikono, wakaliwekea ukingo wa mawe na udongo. Maji ya mfereji huingia humo usiku kucha, asubuhi mwenye zamu anavuta kizibo, maji yanateremka mashambani. Kizibo ni gogo nene, limefungwa kamba ya magome ya kulivutia. Na sheria ya ndiva ilikuwa moja, kwamba mvua ya radi ikionekana inakuja, kizibo kivutwe upesi, ndiva iipokee mvua ikiwa tupu. Ndiva iliyojaa ukiiongezea mvua ya radi, ukingo wake hupasuka kama mtungi.

Lakini mwaka ule mlima ulikuwa umedanganya siku tisa. Watu wakasema, "Tukimwaga maji kila unapokohoa, tutakula nini?" Wakaacha ndiva ijae. Ikajaa, ikajaa, ikafika mdomoni.

Sasa sikilizeni nani alikaa wapi. Chini kabisa ya ukingo kulikuwa na nyumba ya kijana mmoja anaitwa Kirita. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mkewe, Kazeni, mzazi wa siku kumi na moja, na kitoto chake kisicho na jina bado. Siku zile mzazi hakutoka nje kabla ya arobaini. Na huku juu, karibu na ndiva, alikaa mama yake Kazeni, mjane, jina lake Namcharo. Namcharo alikuwa na beberu mmoja mwenye ndevu kama za mzee wa baraza, kila siku akimfunga pale ukingoni ale nyasi.

Kwa hiyo Namcharo ni nani kwa Kirita? Mama mkwe. Vizuri. Na mkwe na mkwe wa siku zile hawakutazamana usoni. Hawakupeana mkono, hawakuitana majina, wala hawakusemeshana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Wengine walifanya hivyo kwa kiasi. Hawa wawili walipitiliza! Namcharo alikuwa akimwita Kirita "yule wa chini." Kirita naye kila akipita karibu na kwa mama mkwe alijifunika uso kwa jani la mgomba. Siku moja, na jani lake usoni, akatembea kwa adabu, kwa adabu, akaingia kwa adabu katikati ya jiko la Namcharo, akakanyaga chungu cha viazi. Namcharo akageukia ukuta akasema, "Ukuta, kuna kitu kimeingia jikoni." Kirita akasema, "Ukuta, kitu hicho kinaondoka." Akaondoka akichechemea, na kiazi kimoja kimenasa kidoleni.

Msicheke sana, kunde zinamwagika.

Siku ya kumi ikawa siku ya gulio kule bondeni. Kijiji kizima kikateremka na ndizi zake. Wakabaki wagonjwa, watoto wadogo, Kazeni aliye ndani na Namcharo, ambaye magoti yalimkataza milima. Na akabaki Kirita, maana zamu ya kulinda ndiva ilikuwa yake.

Mawingu siku hiyo hayakungoja adhuhuri. Yalianza asubuhi. Yakaumuka, yakaumuka, yakasimama juu ya mlima kama mlima wa pili. Kirita akayaona, akasema moyoni, "Leo haidanganyi. Naenda kuvuta kizibo." Akapanda. Alipofika karibu, akamwona nani ukingoni? Mama mkwe wake, anamkatia beberu nyasi. Kirita akajitupa nyuma ya kichaka. Akasema, "Nitangoja aondoke."

Na Namcharo? Namcharo aliuona mguu wa Kirita umetokeza kichakani. Akasema moyoni, "Maskini, yule wa chini amejificha kwa haja zake. Nikipita hapo nitamtia aibu. Nitangoja aondoke." Akakaa chini, akampa kichaka mgongo.

Wakangojana. Huyu kwa adabu, na huyu kwa adabu. Mlima ukanguruma, wao wanangoja. Upepo ukakata, majani yote yakanyamaza, wao wanangoja. Beberu peke yake ndiye aliyekuwa na shughuli, anatafuna. Mnamo saa tisa tone la kwanza likaanguka, kubwa kama kunde hii, halafu la pili, halafu mbingu ikapasuka. PAAA!

Wote wawili wakaruka mbio kwenda kwenye kizibo, wakafika pamoja. Wakaonana uso kwa uso! Kila mmoja akageuka upesi, wakasimama mgongo kwa mgongo, mvua inawapiga, na beberu katikati.

"Wewe mbuzi," Namcharo akasema, "kama kuna mtu nyuma yangu, mwambie avute kizibo."

"Mbuzi," Kirita akasema, "mwambie mwenyewe wako nimesikia. Lakini salamu kwanza. Ameshindaje?"

"Mbuzi, mwambie nimeshinda salama. Mjukuu je?"

"Mbuzi, mwambie mjukuu ananyonya vizuri, ila usiku anatukesha."

"Mbuzi, mwambie tumbo hilo, wamkande kwa maji ya moto kidogo na..."

PAAA!

"Mbuzi!" Namcharo akapiga kelele. "Mwambie aache habari za mjukuu! Mjukuu mwenyewe yuko chini ya ukingo huu!"

Kirita akainama kuitafuta kamba ya kizibo. Akapapasa huku, akapapasa kule.

"Mbuzi, mwambie kamba haipo."

"Mbuzi, muulize imekwenda wapi."

Kirita akamtazama beberu. Beberu akamtazama Kirita. Kipande cha kamba kilikuwa kinaning'inia kwenye ndevu zake.

"Mbuzi," Kirita akasema taratibu, "mwambie umeila wewe."

Basi ikabidi aingie majini, akishike kizibo kwa mikono. Akavuta. Gogo halikutikisika, tope la siku kumi lilikuwa limelikumbatia.

"Mbuzi, mwambie hakivutwi hivyo," Namcharo akasema, na bado amegeuka. "Marehemu mume wangu alikuwa anakizungusha kwanza, kushoto."

"Mbuzi, muulize kushoto kwangu au kushoto kwake? Maana tumepeana migongo."

Namcharo akanyoosha mkono wake wa kushoto, akautazama, akageuza kichwa kidogo, akakumbuka adabu, akakirudisha. Hesabu ikamshinda. Mvua ikawa ya mawe. Maji yakaanza kumwagika juu ya ukingo.

"Mbuzi," Kirita akasema, "mwambie maji yamenifika kifuani. Si kwamba nalalamika."

Namcharo akageuza mkono, akaanza hesabu upya.

"Mbuzi, mwambie mguu wangu umenaswa kwenye tope."

Maji yakapanda tena.

"Mbuzi, mwambie sasa ni shingoni. Namwomba radhi kwa usumbufu."

Wajukuu zangu, papo hapo radi ikaupiga mti uliokuwa ng'ambo ya ndiva, ukapasuka vipande viwili. Beberu akaruka, akakata kamba yake, akakimbia nyumbani bila kuangalia nyuma.

"Mbuzi?" Kirita akaita. "Mbuzi?"

Hakuna mbuzi.

Namcharo akasimama pale, amefumba macho. Tangu azaliwe hakuwahi kuvunja mila hata moja. Hakuna mwanamke wa kijiji kile aliyesifiwa kwa heshima kama yeye, na sifa hiyo, nawaambieni, alikuwa akiipenda kuliko chakula. Ageuke amtazame mkwewe usoni, amguse, na yule amelowa hivyo, wenzake watasemaje kisimani? Kisha akahisi ardhi inatikisika chini ya nyayo zake. Akatazama, ukingo umepasuka ufa, unatoka tope jekundu. Na kutoka kule chini, katikati ya ngurumo, akasikia kitoto kinalia.

Namcharo akageuka.

"KIRITA!" akaita. "Kirita, lete mkono!"

Na Kirita alifanya nini? Aliposikia jina lake kinywani mwa mama mkwe, aliona haya. Akaachia kizibo, akajifunika uso kwa mikono miwili, kwa adabu. Akazama.

"Funua uso, mpumbavu wee!" Namcharo akajitupa majini, akamshika nywele, akamvuta. "Adabu utaifanya ukiwa mzima! Shika hapa! Kushoto ni huku, ninakokuonyesha kwa kidevu! Zungusha!"

"Ndiyo, Mama!"

"Vuta!"

"Navuta, Mama!"

"Ulikula nini mchana wewe? Vuta!"

Wakavuta, bega kwa bega, mkono juu ya mkono. Gogo likalia kama ng'ombe, likatoka. Maji yakaingia mferejini kwa kishindo, yakateremka njia yake mpaka mtoni. Lakini ule ufa haukuwasubiri. Upande mmoja wa ukingo ukaporomoka, tope likateremka, likazoa migomba ya Kirita, likazoa jiko la nje na kinu na mchi, likaja, likaja, likaja... likasimama kizingitini. Lingekuwa na nguvu ya maji yale yote nyuma yake, kisa hiki kisingekuwa cha kuchekea.

Namcharo na Kirita wakaja mbio, wanateleza, wanaanguka, wanainuana. Kazeni akafungua mlango, mtoto kifuani, akatazama tope, akatazama migomba iliyolala. Kisha akawatazama hao wawili, akasahau tope.

"Mama," akasema. "Mmeshikana mikono."

Wakatazama. Kweli. Kuanzia ndiva mpaka mlangoni hawakuwa wameachiana.

"Nyamaza," Namcharo akamwambia. "Na mfunike mtoto macho."

Mbonea, wewe umemaliza kunde? Basi nenda kwa mama yenu, mwambie anipe lile sinia pana. Mwambie Bibi anaomba. Sema hivyo hivyo, anaomba.

Watu wakarudi kutoka gulioni, wakaona ukingo umebomoka. Wazee wakakaa baraza. Hakuna aliyejua yaliyotokea kule juu. Kirita asingesema. Kazeni alikuwa ndani. Namcharo angeweza kunyamaza, sifa zake zikabaki nzima. Hapo ndipo ninapompenda huyu mama, kwa sababu mimi ningenyamaza. Alisimama katikati ya baraza, na magoti yake yale mabovu.

"Mimi nimemtazama mkwe wangu usoni," akasema. "Nimemwita jina. Nimemshika mkono. Na nywele. Tena nimemwita mpumbavu."

Baraza likaguna. Mzee wa baraza, Sekibaha, akauliza, "Kuna shahidi?"

"Yupo. Yule beberu."

"Basi mila unaijua," Sekibaha akasema. "Aliyevunja haya ya ukwe anatoa mbuzi, anachinjwa, tunakula, mambo yanatakasika. Beberu huyo huyo anafaa, naona amenona."

Namcharo akasema, "Wazee wangu, huyo hafai. Kosa langu silo la kumwita Kirita. Kosa langu ni kwamba nilikaa ukingoni tangu asubuhi nikamwona, yeye akaniona, na neno moja tu, 'kizibo,' tukashindwa kuambiana. Tukamtwika mbuzi. Mbuzi akachoka akaenda zake, akatuacha na midomo yetu tuliyopewa na Mungu. Leo ninyi mnataka kumla aliyechoka kwa ajili ya midomo iliyolala?"

Sekibaha akakuna kichwa. Akamtazama beberu. Akalitazama tope lililofika kizingitini. Na yeye mwenyewe, mnajua, alikuwa na mwaka wa sita hajamsemesha mama mkwe wake.

"Basi iwe hivi," akasema. "Kuanzia leo, mlima ukinguruma, hakuna mkwe. Kuna watu tu. Mwenye neno alitoe kwa kinywa chake, mwenye jina aitwe. Mvua ikianuka, turudi kwenye heshima zetu."

Ukingo wakaujenga upya kijiji kizima, na yule mtoto wakampa jina la bibi yake. Beberu alizeeka, ndevu zikafika chini. Na tangu siku ile, mbuzi akisikia radi hukimbia nyumbani mbio. Watu wanadhani anaogopa mvua. Anaogopa kutumwa.

Sasa funzo. Mnataka niseme, "Watoto, heshima ni nzuri lakini isizidi." Naam, ni kweli, lakini hilo hata mwalimu wenu atawaambia. Mimi nataka kusema jingine, na ni gumu kidogo, kwa hiyo acheni kutafuna kunde mbichi mnisikilize.

Mwezi wa kwanza walipokuja wageni wa kanisani, nilisema mbele yao kwamba uji wa mama yenu hata kuku angeomba udhuru. Wageni walicheka. Mama yenu hakucheka. Tangu siku hiyo, mimi na yeye hatujasemeshana. Nakijwa, kamwambie mama yenu. Mbonea, nenda kwa mama yenu. "Mwambieni Bibi." Miezi miwili! Jumapili iliyopita mchungaji alipoita watu kwenye meza ya Bwana, nilijifanya nimeshikwa na kikohozi nikatoka nje. Sikuwa na kikohozi. Ningewezaje kuinyooshea meza ile mkono na moyo wangu una tope?

Namcharo angalau alikuwa na mila ya kusingizia. Mimi nina kiburi tu. Nimewafanya ninyi wajukuu zangu mbuzi wangu. Hata ndevu hamna.

Mmesikia? Huo ni mlima. Umenguruma. Unaona, Nakijwa umekwisha kusimama, unadhani nitakutuma. Kaa. Huendi popote. Leo nakwenda mwenyewe mpaka mlangoni, na magoti yangu haya.

Nanzia! Nanzia, mwanangu! Njoo ndani, mvua inakuja! Uji ule ulikuwa mzuri, mwanangu, ulikuwa mzuri, mdomo wangu ndio ulioungua! Nisamehe!

...Mmesikia alivyosema? Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema, "Sogea ndani, Mama, utalowa." Haya, mpisheni, mpeni kigoda, na wewe Mbonea toa mguu wako njiani.

Kisa changu nimekizibua, maji yake yameingia mashambani kwenu. Aliyelima amwagilie, aliyelala asinilaumu.